Mungu Mwenye Pointi 66

Malkia wa buibui alikuwa na pointi 66 za uhai. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 1980 katika kijitabu cha mchezo wa Dungeons & Dragons kiitwacho Queen of the Demonweb Pits, kazi ya David Sutherland na Gary Gygax. Malkia huyo, Lolth, aliabudiwa na taifa zima la watu wa chini ya ardhi waitwao drow, na makuhani wake wa kike walimtolea kafara. Ili kumfikia, wachezaji walipaswa kwanza kuvimaliza visa sita vilivyotoka mwaka 1978: wapigane na majitu ya vilimani, ya barafu na ya moto, kisha washuke mapangoni hadi mji wa drow. Mwishowe walimkuta ndani ya chombo cha chuma chenye umbo la buibui, na hapo ndipo kioja kilipojitokeza. Kwa hesabu ya karatasi, anayeabudiwa na taifa zima alikuwa na uhai mdogo kuliko joka jekundu kongwe, ambalo kwa kanuni za wakati ule liliweza kufikisha pointi 88.

Ni rahisi kucheka. Lakini ndani ya hesabu hiyo limejificha swali zito: anayekufa kwa kutoa 66 mpaka ibaki sifuri, alikuwa mungu kweli? Na kama hakuwa mungu, wale waliokesha kuizunguka meza walikuwa wanapigana na nani?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza hiyo, maelezo machache yatatosha. Mchezo huu hauna mshindi. Mtu mmoja, msimamizi, husimulia dunia na vitisho vyake. Wenzake watatu, wanne au watano huchukua kila mmoja mhusika wake, awe shujaa, mchawi, kasisi au mwizi, na kusema anafanya nini. Penye shaka dadu huamua, na si dadu ya ludo peke yake: ipo ya pande nne, ya pande nane, na ile maarufu ya pande 20. Gygax na mwenzake Dave Arneson waliutoa mchezo huo mwaka 1974, na makao ya kampuni iliyouchapisha, TSR, yalikuwa Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Kila kiumbe kina pointi za uhai. Kikipigwa zinapungua, zikiisha kimekufa. Utaratibu huu unamfaa mbwa mwitu. Unamfaa jambazi wa njiani. Mungu je?

Watunzi wenyewe walilihisi tatizo mapema. Mwaka 1976 TSR ilitoa kitabu cha miungu na mashujaa kilichoandikwa na Robert Kuntz na James Ward. Katika dibaji, mhariri Tim Kask alieleza kwamba mojawapo ya makusudi yake ni kuwaumbua wasimamizi waliokuwa wakigawa nguvu na hazina kama njugu. Odin, baba wa miungu ya Skandinavia, alipewa pointi 300. Ujumbe ulikuwa wazi: kama Odin mwenyewe ana hizo, mhusika wa ngazi ya 44 katoka wapi?

Wasomaji wakaelewa kinyume. Walichokiona ni orodha ya mawindo. Toleo kubwa zaidi, Deities & Demigods, likafuata mwaka 1980, na humo Zeus akapewa pointi 400. Kwa vijana wengi hiyo ikawa tarakimu ya kufikiwa, kama rekodi ya mbio.

Mwaka uliofuata kampuni nyingine, Chaosium, ilijibu kwa namna tofauti kabisa. Katika mchezo wa Call of Cthulhu alioutunga Sandy Petersen, jitu la baharini Cthulhu nalo lina namba zake, ila namba hizo ni kama kejeli: kila raundi linazoa mchunguzi mmoja, wawili au watatu kwa makucha yake, nao wamekwisha. Kulitazama tu kunaweza kumgharimu mtu hadi pointi 100 za akili timamu, na mtu hana zaidi ya hizo. Huo ni uaminifu wa aina yake. Lakini mpinzani ambaye jibu lake ni kukimbia tu hana tofauti na tetemeko la ardhi, na hakuna anayebishana na tetemeko kuhusu haki na batili.

Hoja dhidi ya miungu waovu kama wapinzani ni ya zamani kuliko dadu za plastiki. Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, alitaka visa vya miungu kupigana vipigwe marufuku mjini. Mungu ni mwema, alisema, na mwema hawezi kuwa chanzo cha ubaya. Kijana akilelewa na hadithi za miungu wagomvi ataona ugomvi ni jambo la heshima. Aliyekuwa akilengwa ni Homer. Katika kitabu cha tano cha Iliad, Diomedes, binadamu wa kawaida, anamjeruhi Aphrodite mkononi na Ares tumboni katika siku moja ya vita.

Ukikisoma kisa hicho taratibu utaona Homer hakuwa mzembe kama Plato alivyomdhania. Diomedes hapigi kwa ubavu wake. Athena ndiye anayemwondolea ukungu machoni ili awatambue miungu, ndiye anayempa ruhusa ya kumpiga Aphrodite peke yake, na baadaye ndiye anayeusukuma mkuki uingie mwilini mwa Ares. Diomedes anapojaribu kumvamia Apollo bila idhini, anasukumwa nyuma mara tatu, na mara ya nne anakemewa kwa sauti inayomrudisha mahali pake. Kanuni ipo, tena kali: mungu hujeruhiwa pale tu mungu mwingine anapotaka. Msimamizi wa mezani angejifunza mengi hapo kuliko katika jedwali lolote la pointi.

Augustino wa Hippo aliliendea jambo hili kwa njia nyingine. Kwa miaka tisa alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Mani, yaliyosema kwamba tangu mwanzo zipo nguvu mbili zinazopambana, nuru na giza. Alipoyaacha, alishikilia kwamba uovu si kitu chenye kusimama chenyewe. Ni upungufu wa wema, kama upofu ulivyo upungufu wa kuona. Ukimfuata Augustino, mungu mwovu kabisa hawezekani, kwa sababu kadiri anavyozidi kuwa mwovu ndivyo anavyopungukiwa na kuwapo kwenyewe.

J.R.R. Tolkien, Mkatoliki aliyeyajua mafundisho hayo, aliyageuza kuwa kisa. Katika The Silmarillion, kitabu kilichotoka mwaka 1977 baada ya kifo chake, Morgoth anaanza akiwa mwenye nguvu kuliko wakuu wenzake wote. Lakini kutawala kunamla. Anazimwaga nguvu zake katika watumwa wake na katika ardhi yenyewe, mpaka siku Fingolfin, mfalme wa Waelfi, anapogonga lango lake na kumwita nje wapigane wawili. Morgoth anamwua Fingolfin, ila anabaki na majeraha saba na mguu unaochechemea milele. Huyo ndiye mungu mwovu anayepigika, na kinachomfanya apigike ni uovu wake mwenyewe. Ni vigumu kupata hoja bora ya kumleta mezani.

Mswahili ana jambo lake la kuongeza, nalo limo katika sarufi. Mungu, kwa herufi kubwa, hana wingi. Miungu ni neno la kusemea sanamu za watu wengine na visa vya kale. Ndiyo maana katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 adui wa mashujaa wa Kiislamu ni Herekali, mfalme wa Rumi, wala si mungu fulani wa Rumi. Kwa mtunzi mwenye tauhidi, mungu wa pili hayupo hata wa kupigwa. Msomaji mwenye imani hiyo akimtazama Lolth ataona pepo aliyejivika cheo, na ajabu ni kwamba watunzi wa Lolth walimwainisha vivyo hivyo: malkia wa pepo anayeabudiwa kama mungu.

Je, kucheza kupigana na pepo wa namna hiyo ni dhambi, upuuzi, au ni jambo la kale kabisa?

Tiamat anajua jibu. Wachezaji wa Dungeons & Dragons wanamfahamu kama joka la kike lenye vichwa vitano, cheupe, cheusi, kijani, buluu na chekundu, lililoingia mchezoni na pointi 128 katika kitabu cha viumbe cha mwaka 1977. Lakini jina limetoka Babeli. Katika utenzi wa Enuma Elish, Tiamat ni bahari ya mwanzo. Marduk anamwua, anaupasua mwili wake vipande viwili kama samaki wa kukaushwa, na kwa nusu moja anaiezeka mbingu. Utenzi huo ulikaririwa hekaluni siku ya nne ya Akitu, sikukuu ya mwaka mpya. Kila mwaka watu wa Babeli walirudi kwenye pambano lile lile dhidi ya mpinzani yule yule wa kimungu.

Wamisri walikwenda mbali zaidi. Nyoka Apep alilishambulia jahazi la Ra kila usiku, na makuhani hawakuridhika na kusimulia tu. Mafunjo ya Bremner-Rhind, yaliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, yana maelekezo ya ibada hiyo: mfinyange Apep kwa nta, mwandike jina lake kwa wino wa kijani, mtemee mate, mkanyage kwa mguu wa kushoto, mchome kisu, mtupe motoni. Msomaji Mwislamu atazikumbuka kokoto ambazo mahujaji huzirusha Mina, ingawa ibada ile ni ibada na haifai kutiwa kapu moja na mchezo. Linaloonekana ni kwamba kumpa uovu sura, kisha kuupiga kwa mikono, hakukuanzia Wisconsin.

Hilo wahubiri wengi wa Marekani wa miaka ya 1980 hawakulitaka. Mwaka 1984 Jack Chick alichapisha kijitabu cha katuni kilichoonyesha mchezo huu ukimvuta msichana kwenye uchawi. Patricia Pulling wa Virginia, aliyefiwa na mwanawe mwaka 1982 na kuulaumu mchezo, alianzisha shirika zima la kuupinga. Uchungu wa mama haujadiliwi. Ila matokeo ya kampeni yale yalikuwa ya kushangaza: toleo la pili la mwaka 1989 liliyafuta majina ya mashetani na mapepo, na viumbe hao waliporudi walikuwa wanaitwa baatezu na tanar'ri. Mchezo ambamo shetani alikuwa adui wa kupigwa ulishutumiwa kwa kumwabudu, na dawa iliyotolewa ni kumwondoa adui. Majina ya zamani yalirejea mwaka 2000.

Wakati wahubiri wanachapa vijitabu, mmoja wa watunzi wakubwa wa TSR alikuwa Tracy Hickman, mfuasi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, aliyewahi kuwa mmisionari Indonesia. Yeye na Margaret Weis ndio walioandika Dragonlance kuanzia mwaka 1984, na mwovu wao mkuu ni Takhisis, malkia wa giza, naye joka la vichwa vitano. Hickman hakumwogopa mungu mwovu. Alimwekea kizuizi. Takhisis hawezi kuingia duniani kwa mwili wake kamili kwa sababu mtu mmoja, Berem, alichomoa kito kwenye nguzo ya hekalu lake, na kito hicho cha kijani kimekwama kifuani mwake. Majeshi yote ya giza yanamsaka mtu mmoja mtoro. Waliosoma habari za Fumo Liyongo hawatapata taabu kuelewa: yule asiyepenyeka kwa mkuki wala mshale alikuwa na siri moja tu, sindano ya shaba ya kitovuni.

Hapa mchezo unakuwa bora. Mungu anayeingia akiwa na pointi 66 ni mnyama mkubwa tu. Mungu mwenye mlango, mwenye sharti, mwenye agano linalomfunga, anawalazimisha wachezaji waulize maswali ya kweli: nani alimfungia, kwa gharama gani, na nani anataka kumfungulia? Wizards of the Coast, waliorithi mchezo huo, walilielewa hilo nusunusu katika The Rise of Tiamat ya mwaka 2014. Tiamat wa safari hii ana pointi 615, mara karibu tano ya zile za 1977, na wahusika wanaofika mwisho wapo ngazi ya 15 hivi, nusu ya kiwango chake cha ugumu, ambacho ni 30. Uwiano huo ungekuwa mauaji mtupu. Kinachowaokoa ni kazi waliyofanya kabla: kuvuruga ibada ya kumwita, kuwanyima wafuasi wake vinyago vya joka, kuunganisha mataifa yasiyopatana. Kila walichofanikisha kinampunguzia nguvu. Pambano linaamuliwa kwenye mabaraza na mapatano, muda mrefu kabla ya dadu kurushwa. Kasoro yake ni kwamba mwisho bado kuna tarakimu ya kukwangua, na meza nyingi hukumbuka kukwangua tu.

Kielelezo bora zaidi kilionekana Oktoba 2017. Critical Role ni kundi la waigizaji wa Marekani wanaocheza mbele ya kamera, na kisa chao cha kwanza, kilichosimamiwa na Matthew Mercer, kiliishia kwa Vecna. Huyu ana historia ndefu: mwaka 1976 hakuwa zaidi ya mkono na jicho vilivyokatwa kwa mchawi mfu. Kwa Mercer alikuwa amefaulu kuwa mungu. Mashujaa hawakuwa na njia ya kumwua. Walipaswa kumsukumia nyuma ya lango walikofungiwa miungu wengine wote, na ibada hiyo ilihitaji mapigano ya kumdhoofisha kwanza.

Sasa tazama palipouma. Mmoja wa mashujaa, Vax, alikuwa ameshauawa na Vecna, na Raven Queen, mungu wa mauti ambaye si mwovu hata kidogo, alimrudisha kwa muda tu, mpaka kazi iishe. Mwenzake Scanlan, mhusika wa Sam Riegel, alikuwa ameitunza kimyakimya nguvu yake kubwa ya siku ili aombe matakwa ya kumwokoa rafiki. Katikati ya vita Vecna akajaribu kutoroka kwa uchawi. Njia ya uhakika ya kumzuia ilikuwa kuitumia nguvu ile ile. Riegel akaitumia, akijua amemuaga rafiki yake bila kumwambia. Vecna akafungiwa. Vax akaondoka na mauti.

Hakuna jambazi wala joka ambalo lingeweza kuwaleta wachezaji kwenye uchaguzi wa namna ile. Alihitajika mpinzani wa ukubwa wa mungu, ili kumshinda kuwe na thamani ya kupoteza kitu. Kwa hiyo jibu la swali kama miungu waovu wanafaa kuwa wapinzani, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni ndiyo: waovu wenye cheo cha kimungu waje mezani, na waje wakiwa wamefungwa kwa masharti ambayo hadithi za kale hazikuwahi kuyasahau.

Isipokuwa wapo wasiopaswa kuja. Kitabu kile cha 1980 kilichompa Zeus pointi zake hakikuishia kwa miungu ambao mahekalu yao ni magofu. Kilikuwa na sura ya India, na humo Kali aliwekwa upande wa waovu, na takwimu za kumpigania. Kali hajawahi kukosa waumini. Hekalu la Dakshineswar huko Kolkata, alikotumikia Ramakrishna, lilifunguliwa mwaka 1855 na hadi leo watu wanajaa, wanamwita Mama. Mkazi wa Dar es Salaam aliyepita Mtaa wa Kisutu, penye mahekalu yaliyopangana, hahitaji kuelezwa kwamba Uhindu si hadithi ya kale. Lugha yenyewe imewahi kufanya dhuluma ya aina hii: Samuel Ajayi Crowther alipotafsiri Biblia kwa Kiyoruba katika karne ya 19, Eshu, mjumbe wa njia panda anayepeleka sadaka za watu kwa miungu, ndiye aliyepewa nafasi ya Shetani, na wajukuu wa waliomtolea sadaka wakakua wakimjua hivyo.

Msimamizi anayetafuta mwovu wa kimungu ana Tiamat, ana Apep, ana wa kubuni wasiohesabika. Hana haja ya kumchukua Mama wa mtu mwingine. Na watunzi wa 1980 hawawezi kusema hawakuuona mpaka huo. Waliwaandikia pointi miungu ya Wagiriki, Wamisri, Wahindi, Wachina, Wajapani na Wahindi Wekundu wa nchi yao wenyewe. Mungu wa makanisa ya Lake Geneva hakuandikiwa hata moja.